Bamia Haifiki Gotini: Majibu kwa Yanayosemwa Kuhusu Ugonjwa wa Viungo

Mtu akisema anaumwa moyo, wanaomzunguka humwambia aende hospitali. Akisema goti limevimba, kila mmoja ana dawa. Muuza genge anayo, shemeji anayo, jirani aliyepona mwaka juzi anayo, na kundi la WhatsApp la ukoo lina sauti iliyosambazwa mara mia. Wanaoshauri wana nia njema. Lakini sehemu kubwa ya wanayoyasema si kweli, na anayeyafuata hupoteza ile miezi ya mwanzo ya ugonjwa ambayo kiungo bado kingeweza kuokolewa.

Nimeyachukua madai ninayoyasikia mara nyingi zaidi, niyajibu moja baada ya jingine. Kwanza ieleweke kwamba "ugonjwa wa viungo" si ugonjwa mmoja. Madaktari wanahesabu aina zaidi ya 100. Zinazotusumbua zaidi huku kwetu ni kusagika kwa viungo, ambapo gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, huchakaa. Rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa viungo. Gauti, ambayo wazee waliiita jongo, inayotokana na fuwele za asidi ya yuriki. Na zile zinazoletwa na vijidudu. Kila moja ina chanzo chake na dawa yake. Anayekuuzia dawa ya "viungo" bila kukuuliza una aina ipi, hajui anatibu nini.

"Ni uzee huo, zoea tu"

Umri una mchango, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, na asilimia 73 kati yao walikuwa na zaidi ya miaka 55. Sasa itazame rumatoidi. Mwaka huohuo ilikadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 18, asilimia 70 wakiwa wanawake, na karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa hawajavuka miaka 55. Ni umri wa kulea, kulima na kukaa sokoni kutwa. Watoto nao wamo: kiungo cha mtoto wa chini ya miaka 16 kikivimba kwa wiki sita au zaidi bila sababu nyingine kuonekana, hiyo inaweza kuwa athraitisi ya watoto, na kumwambia mama yake "mtoto anakua huyo" ni kumdhulumu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mtu ana miaka mingapi, muulize asubuhi anaamkaje.

Mwenye goti la kusagika huamka likiwa limekaza kidogo, akaenda chooni na kurudi, akawasha jiko, na ndani ya nusu saa limelegea. Maumivu yake hufuata kazi. Akipanda ngazi, akichuchumaa, akirudi sokoni na mzigo, linauma, akikaa, linapoa. Kwa mwenye rumatoidi mambo ni kinyume, maana kupumzika ndiko kunakomkaza. Anaamka vidole havikunjiki ngumi. Hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai, hawezi kukamua tui, vifungo vya shati la shule la mwanawe vinamshinda, na inapita saa nzima au zaidi ndipo mikono inalegea. Pete aliyoivaa tangu harusi haitoki tena. Vinavyovimba kwanza ni viungo vidogo, hasa vya katikati ya vidole na vile vinavyounganisha vidole na kiganja, na mara nyingi ni mikono yote miwili kwa pamoja. Ukimpa mkono wa salamu ukaubana kidogo tu, anashtuka. Juu ya hayo ana uchovu usioelezeka, na pengine homa ndogondogo na kupungua uzito.

Mtu wa namna hiyo hana muda wa kuzoea. Wataalamu wa magonjwa ya viungo barani Ulaya wanashauri kwamba mwenye kiungo kilichovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki sita tangu dalili zianze, na kama ni ugonjwa unaoelekea kudumu, dawa za kuituliza kinga zianze ndani ya miezi mitatu. Wana sababu ya kuharakisha. Katika rumatoidi mfupa huanza kulika mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na sehemu iliyolika hairudi. Mama aliyeambiwa azoee hugundua siku moja kwamba vidole vyake vimepinda upande, na hapo hakuna kidonge cha kuvinyoosha.

Neno moja kuhusu vipimo. Wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu kipimo cha damu cha rumatoidi hakikuonyesha kitu. Wagonjwa wengi tu wa rumatoidi hawaonekani kwenye kipimo hicho, na wapo wazima ambao kinawaonyesha. Viungo vilivyovimba na historia ya mgonjwa vina uzito kuliko karatasi ya maabara.

"Ute umeisha. Kunywa maji ya bamia"

Dai hili limeenea sana Tanzania, na linastahili jibu refu kwa sababu watu wengi wamelikabidhi magoti yao. Bamia hukatwakatwa, zikalowekwa usiku kucha, na asubuhi mgonjwa anakunywa yale maji yanayovutika kabla hajala kitu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba utelezi ule unakwenda kujaza ute uliokauka gotini.

Ukifuatilia safari ya bamia mwilini, dai linakwama mapema. Utelezi wake ni nyuzinyuzi, mnyororo mrefu wa sukari ambao tumbo la binadamu haliwezi kuumeng'enya. Unapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, unafika utumbo mpana, bakteria wanauchachusha kwa kiasi, na unaobaki unatoka na choo. Hakuna mahali unapoingia kwenye damu ukiwa bado utelezi, wala mlango wa kuufikisha gotini. Ute wa goti unatengenezwa na utando wa goti lenyewe, kwa malighafi zinazoletwa na damu. Aliyekunywa bamia na aliyekunywa chai ya rangi, magoti yao hayaoni tofauti.

La pili linawashangaza wengi zaidi. Goti zima lina ute kidogo mno, kwa kawaida usiojaza hata kijiko kimoja cha chai. Goti lililovimba lina majimaji mengi kupita kiasi, na ndiyo maana daktari wakati mwingine huyavuta kwa sindano. Kilichoharibika ni ubora wake, kwa kuwa utando ukivimba hutoa ute mwepesi usioweza kulainisha vizuri. Kwa hiyo mwenye goti lililojaa maji anatafuta kuongezewa maji.

Basi hii habari ya ute kuisha imetoka wapi? Naona imetoka kwenye picha ya eksirei. Mgonjwa anaonyeshwa kwamba nafasi kati ya mifupa miwili ya goti imebana, anaambiwa "mifupa inasagana", naye anahitimisha kwamba kilichokuwa katikati ni mafuta na sasa yamekauka. Kilichokuwa pale ni gegedu. Eksirei haipigi picha ya gegedu, kwa hiyo gegedu huonekana kama nafasi tupu, na likichakaa nafasi inapungua. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kama sifongo: ukikanyaga linabinywa, ukiinua mguu linafyonza ute mpya. Anayelilisha ni anayetembea.

Supu ya makongoro inasifiwa kwa hoja kama hiyo, kwamba ina kolajeni na gegedu limejengwa kwa kolajeni. Ni kweli inayo. Lakini tumbo huivunja kolajeni kama linavyovunja nyama na maharage, na mwili unazipeleka zile chembe za protini unakotaka wenyewe. Inywe supu kwa utamu wake. Na bamia ni mboga nzuri mno na ugali wa moto. Sina ugomvi nayo ikiwa sahanini.

Dukani nako kuna bamia ya gharama kubwa. Vidonge vya glukosamini vilipimwa Marekani kwa wagonjwa 1,583 wa magoti, na matokeo yaliyotoka mwaka 2006 yalionyesha kwamba kwa jumla ya wagonjwa havikuwa bora kuliko vidonge visivyo na dawa ndani. Zile "sindano za kuongeza ute" nazo zilichambuliwa upya mwaka 2022 kwa kukusanya majaribio mengi pamoja, na nafuu yake ikaonekana ndogo kiasi cha mgonjwa kutoitambua akilinganishwa na aliyechomwa maji ya chumvi. Pesa hiyo ikibaki nyumbani, itanunua viatu vizuri vya kutembelea.

"Baridi ndiyo imemwingia"

Usinawe maji baridi baada ya kupiga pasi. Usikanyage sakafu bila ndala. Usifungue friji ukiwa umetoka jikoni. Mabinti wengi wamelelewa na maonyo haya, na akina bibi waliyatoa kwa upendo.

Lakini Dar es Salaam na Mombasa, ambako watu wanalala na feni mwaka mzima, rumatoidi na kusagika kwa magoti vipo, kama vilivyopo Njombe na Limuru kwenye baridi. Maji baridi hayafiki kwenye gegedu, na kubadilika kwa joto la ngozi hakubadilishi kinga ya mwili. Marekani watafiti walilinganisha siku za mvua na mahudhurio zaidi ya milioni 11 ya wazee kwa madaktari, wakachapisha matokeo mwaka 2017: siku za mvua malalamiko ya viungo na mgongo hayakuongezeka. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2019, uliona maumivu yakipanda kidogo siku zenye unyevunyevu mwingi. Kwa hiyo mgonjwa akisema siku za mawingu anaumwa zaidi, mwamini, mkande kwa maji ya moto, mpe blanketi. Hali ya hewa inaweza kugusa maumivu aliyonayo tayari. Haiuanzishi ugonjwa, na anayevaa soksi miaka yote kwa kuogopa baridi huku akivuta sigara amekwepa kisichomdhuru. Sigara ndiyo yenye ushahidi mzito: katika mambo ambayo mtu anaweza kuyaacha kwa hiari yake, hakuna linaloongeza hatari ya rumatoidi kwa uhakika kama hilo.

"Amekanyaga kitu"

Mtu amelala mzima. Saa nane usiku anaamka kwa maumivu ya dole gumba la mguu, limevimba, limewiva, lina joto, hata shuka likiligusa anapiga kelele. Jana hakuanguka wala hakujikwaa. Familia inaangaliana, na mmoja anasema wazi walichofikiri wote, kwamba ametegewa. Asubuhi wanatafuta mganga. Baada ya siku saba au kumi uvimbe unaisha, na mganga anapata sifa.

Hayo niliyoyaeleza ni shambulio la gauti, karibu neno kwa neno kama vitabu vya tiba vinavyolieleza. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu kwa miaka, hujenga fuwele nyembamba kama sindano ndani ya viungo, na dole gumba la mguu huathirika mapema. Siku fuwele zikichokoza kinga ya mwili, moto unawaka usiku mmoja. Shambulio la kwanza huisha lenyewe hata bila tiba yoyote, na ndiyo maana kila aliyetibu siku ile huonekana amefaulu. Litarudi. Lisipotibiwa, baada ya miaka linahamia vifundo vya miguu, magoti na vidole, na fuwele hujikusanya chini ya ngozi kama vinundu vigumu.

Wengine husema gauti ni ya matajiri wanaokula nyama. Nyama nyekundu, maini, figo na baadhi ya vyakula vya baharini huongeza hatari kweli, na bia pia. Lakini hata soda zimo: kati ya wanaume wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 12, waliokunywa soda za sukari mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 85 kuliko waliozinywa kwa nadra. Chupa ya soda haimngoji tajiri. Baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo nazo hupandisha asidi hiyo. Ukizitumia mwambie daktari akuangalizie nyingine, usiziache mwenyewe. Na wanawake wakishakoma hedhi, kinga waliyokuwa nayo dhidi ya gauti hupungua.

Kuna katazo moja linalonisikitisha, la kuwazuia wenye gauti kula maharage, dengu na mchicha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004, wa wanaume zaidi ya 47,000, uliona nyama na vyakula vya baharini vikiongeza hatari, maziwa yakiipunguza, na mboga na jamii ya kunde zenye pyurini, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, zikiwa haziiongezi. Mzee aliyenyang'anywa maharage na kuachiwa nyama ya kuku na soda ameshauriwa vibaya. Dawa ya kuishusha asidi ya yuriki ipo, ya kawaida kabisa, inaitwa alopurinoli; humezwa kila siku kwa muda mrefu, hata siku ambazo huumwi, na daktari hupima damu mpaka kiwango kishuke.

Tahadhari moja hapa. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto kali, na mgonjwa ana homa au anatetemeka, kinaweza kuwa na usaha ndani. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Bakteria wanaweza kuliharibu gegedu kwa siku chache, na kuna wanaokufa. Mpeleke hospitali akavutwe majimaji yapimwe. Usimchanje, usimkande, usingoje Jumatatu.

"Hiyo ni malaria sugu"

Homa ikija na viungo vikiuma, wengi humeza dozi ya malaria bila kupima, na isiposaidia wanahamia dawa za taifodi. Malaria huuma mwili mzima, lakini haivimbishi viungo. Vikivimba, tafuta kingine.

Kingine kimojawapo kiligunduliwa hapa kwetu. Mwaka 1952 kulizuka homa Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde, iliyowaacha watu wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Kirusi chake kikapewa jina kutoka Kimakonde, chikungunya, na leo kinajulikana dunia nzima. Lamu ilipigwa vibaya mwaka 2004, Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Homa huisha kwa wiki moja, lakini kuna wanaobaki na viungo vinavyouma kwa miezi, wengine miaka. Mbu anayekieneza huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mapipa yafunikwe, matairi mabovu na vifuu vinavyotuamisha maji viondolewe uani.

Kwa watoto kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyeumwa koo, na wiki mbili tatu baadaye goti likavimba, likapona, kikafuata kifundo cha mguu, kisha kiwiko, huyo anaweza kuwa na homa ya baridi yabisi. Viungo vyake vitapona vizuri kabisa. Moyo ndio unaoweza kubaki na kovu kwenye vali, na huko mbele akahitaji upasuaji ambao familia nyingi hazina uwezo nao. Sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka, humlinda. Koo la mtoto litibiwe, na viungo vinavyohamahama visipuuzwe.

"Goti bovu lipumzishwe, mazoezi yatalisaga"

Hapa ndipo ushauri mwema unapoumiza watu wengi kuliko popote. Mtu akiacha kutembea, misuli ya paja inanyauka ndani ya wiki chache, goti linabaki bila mshikizo, uzito unapanda, na maumivu yanaongezeka. Anahitimisha kwamba alipumzika kidogo mno.

Hofu kwamba kukimbia kunamaliza magoti ilipimwa. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti nyingi uliona kusagika kwa nyonga au goti kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa afya zao, na kwa asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Waliokimbia kimashindano walikuwa asilimia 13.3, kwa hiyo kupita kiasi kupo. Lakini mama anayetembea nusu saa asubuhi yuko mbali mno na kiasi hicho.

Kwa anayeumwa tayari, zoezi la kuanzia halihitaji ukumbi. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo chini. Nyoosha mguu mmoja polepole mpaka uwe sambamba na sakafu, kaza paja, hesabu mpaka tano, ushushe taratibu. Mara kumi, kisha mguu mwingine, asubuhi na jioni. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakibaki mpaka kesho yake, punguza idadi, usiache. Kuchuchumaa kwa muda mrefu na kupiga magoti sakafuni ndiko kwa kupunguzwa. Choo kiwekewe kiti, vyombo vioshewe mezani, na mwenye kushindwa kusujudu aswali kwenye kiti, kwani dini imempa ruhusa.

Uzito nao uzungumzwe bila aibu. Wapo wanaomsifu mtu kwa kunenepa, wakisema amependeza, maisha yamemkubali. Magoti yanasikia kitu kingine. Mwenye goti la kusagika akipungua kilo moja, goti linapunguziwa mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mjini Framingham, Marekani, matokeo ya mwaka 1992 yalionyesha kwamba wanawake waliopungua takriban kilo tano katika miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata goti la kusagika lenye maumivu. Kilo tano ni lengo analoweza kulifikia mtu anayepunguza sukari kwenye chai, vitumbua vya kila asubuhi na mafuta kwenye sufuria.

Na vijana wasidhani hayawahusu. Goti lililochanika ligamenti kwenye mechi ya mchangani au kwenye ajali ya bodaboda lina uwezekano wa karibu nusu kwa nusu kusagika miaka 10 mpaka 20 baadaye. Kocha anayewapasha wachezaji mwili kwa dakika 20 kabla ya mechi anawalinda wasivunjike leo, na magoti yao ya uzeeni pia.

Kuvunja vidole ili vilie? Hakuleti ugonjwa. Daktari Donald Unger wa California alivunja vya mkono wa kushoto tu kwa miaka 50, akailinganisha mikono yake miwili, na mwaka 1998 akaandika kwamba hakuona athraitisi kwenye mkono wowote.

"Dawa ile ilimponya mjomba kwa siku tatu"

Naliamini hili. Huenda mjomba alipata nafuu kweli, na ndiyo sababu naogopa.

Hakuna mmea unaojulikana unaozima rumatoidi kwa siku tatu. Steroidi zinaweza. Deksamethasoni na prednisoloni hupunguza uvimbe haraka mno, na dawa zinazouzwa kama mitishamba mitupu zimekutwa mara nyingi zimechanganywa nazo, au na diklofenaki. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya umma kuhusu vidonge vya viungo viitwavyo Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya asili. Maabara ilikuta ndani deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Anayekunywa bila kujua hunenepa uso ukawa wa duara, sukari na presha hupanda, mifupa hulegea, vidonda vya tumbo huvuja damu. Na akiishiwa dawa ghafla, mwili ulioacha kutengeneza homoni yake unaweza kuporomoka mpaka kifo. Kwa hiyo aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa asiitupe tu. Aende na kopo lake hospitali, aseme ukweli, apunguziwe taratibu.

Sisemi haya kwa kudharau miti. Kolchisini, dawa ya gauti inayotumika hospitali mpaka leo, ilitoka kwenye mmea. Lakini kipimo chake kinajulikana, na aliyekupa anaweza kukuambia ni nini umemeza. Mwombe muuzaji anayetangaza mitishamba kwa kipaza sauti akuambie hivyo.

Diklofenaki za dukani nazo zisigeuzwe karanga. Kuzimeza kila siku kwa miezi kunaharibu figo na tumbo, hasa kwa wazee na wenye presha.

"Ugonjwa huu hauna dawa, hospitali ni kupoteza pesa"

Rumatoidi haiondolewi kabisa, lakini inatulizwa. Methotreksati, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikianzwa mapema huwarudisha wengi kwenye kazi zao. Inamezwa mara MOJA kwa wiki. Narudia kwa sababu kuna waliokufa kwa kuimeza kila siku: chagua siku, tuseme Ijumaa, iandike ukutani, na usimeze siku nyingine. Daktari atakupa foliki asidi pamoja nayo na atapima ini na damu yako. Na mwanamke anayetaka kushika mimba lazima amjulishe daktari mapema kwa sababu dawa hiyo huharibu mimba. Kwa goti lililosagika kabisa upo upasuaji wa kuweka goti bandia, na unafanyika hapahapa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili.

Mabingwa wa viungo ni wachache mno Afrika Mashariki, na foleni ni ndefu. Kwa hiyo nenda ukiwa umejiandaa. Andika kwenye karatasi ni viungo vipi, vimeanza lini, asubuhi vinakaza kwa dakika ngapi, na kila dawa uliyokwisha kunywa, hata ile ya kwenye chupa isiyo na jina. Piga picha ya vidole siku vilipovimba, maana siku ya kliniki huenda vimepoa. Na kama viungo vya mama yako vimevimba na wiki ya sita inakaribia, usimtumie tena ile sauti ya WhatsApp. Mtumie nauli, au mpeleke mwenyewe.